Diski ya Nje

Hakuna bidhaa inayoweza kunishangaza mimi. Nimeuza rangi za nyumba mjini Kabati miaka ishirini, na darasa la sita sikumaliza. Laptop yangu ilipojaa, Mwende, fundi wa kompyuta, akaniuliza, "Mzee, unataka diski ya ndani ama ya nje?"

Kuniuliza mimi! Kila mtu anajua rangi ya nje ndiyo huvumilia mvua. Nikachukua ya nje, nikahamishia picha zote za harusi ya binti yangu, nikaifunga kwa keria ya pikipiki, nikaendesha na mvua ikinyesha mpaka Mbooni. Mbele ya wakwe, ikakataa kuwaka.

Nilirudi kwa Mwende nikifoka, duka limejaa wateja. "Umeniuzia ya ndani!"

"Mzee, ni ya kukaa nje ya laptop, si nje ya nyumba."

Sasa si angesema mapema? Kuokoa picha kulinigharimu shilingi 14,650.