Mbolea Niliyoficha na Buku ya Papa Birere

Siku yangu ya kwanza kazini sikusalimia muntu. Niliinama, nikashika udongo, nikaunusa. Kapita, yule musimamizi wa wafanyakazi, akanipigia kelele: "Weye! Umekuya kutumika ao umekuya kula udongo?" Lakini mimi nilikuwa mutoto wa wakulima wa Masisi. Baba yangu alipima shamba kwa pua, na mimi vilevile. Udongo wa stasio ile, kituo cha Wazungu cha kilimo kule milimani, ulikuwa mweusi, laini, wenye afya kabisa. Nikajisemea: hapa nitakaa mpaka nizeeke. Sikukaa. Ninyi vijana muko munaniuliza kila siku kwa nini nilihamahama hivyo, na kwa nini mpaka leo siwezi kumaliza kikombe cha chai nikiwa kwenye kiti kimoja. Basi sikilizeni, maana sitarudilia.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita ya Wazungu ikikaribia kwisha. Waliniweka kwenye pepinieri, ni kusema mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuipeleka shambani. Tulikuwa na kahawa, tulikuwa na kina, ule muti wa dawa ya malaria. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya udongo: mafungu mawili ya udongo mweusi, fungu moja ya muchanga wa muto, fungu moja ya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Nilichekecha, nikajaza vikapu, nikapanda. Miche yangu haikufa. Kapita mwenyewe, muntu asiyesifu hata chakula cha bibi yake, alisema mbele ya wote: "Huyu kijana, Bahati, iko na mukono ya kuotesha." Ayi, nilivimba kichwa wiki nzima.

Halafu akaja Bwana Direktere mupya, mukubwa wa stasio. Alikuwa ametumika kwenye visiwa vya Asia, mbali kabisa, na alikuja na sanduku ya mbao ambayo hakuruhusu muntu aibebe ila yeye. Ndani mulikuwa mimea kumi na miwili. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Ncha ya jani inarefuka kama kamba, halafu kamba inavimba, inakuwa kibuyu chenye kifuniko. Ndani ya kibuyu kuna maji, na kilulu, ni kusema mududu, kikiingia hakitoki tena, muti unakila. Tuliuita muti wa vibuyu. Direktere aliujengea nyumba ndogo ya vioo, akanichagua mimi niuchunge.

Mwenzangu mule ndani alikuwa muzee mumoja, Papa Birere, muntu wa Walikale, muwindaji wa zamani kutoka upande wa Ntoto. Alikuwa anachota maji ya mvua na kuleta vitu vya pori. Alikuwa muntu wa maneno machache, na maneno yenyewe yalikuwa ya kuchokoza. Siku alipoona nzi akizama ndani ya kibuyu, aliniambia: "Bahati, hii muti inakula nyama kila siku. Weye unakula nyama mara ngapi?"

Direktere alitupa sheria moja. Alisimama katikati ya vyungu na Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akanyoosha kidole: "Hapana mbolea! Hata kidogo! Hii iko inatoka mahali ya njaa. Chakula yake iko bilulu. Mizizi hapana kula!" Akachanganya mwenyewe muchanga na majani yaliyooza, akapanda, akaenda zake.

Ile mimea haikupenda. Baada ya mwezi majani yalikuwa ya njano, vibuyu vikakauka kabla ya kufunguka. Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa napita pale asubuhi, nikapita saa sita, nikapita jioni. Papa Birere alisema: "Hii udongo inashikana sana, inafunga pumzi ya mizizi. Kwetu kuko kinamasi, udongo hakuna, miti inaota juu ya manyoya na maji tu. Tulete ile manyoya." Manyoya ni yale majani madogo laini ya kijani yanayofunika mawe na magogo mahali pa maji. Nilimucheka. Nikamuambia: "Papa, ninyi batu ya pori munajua nyama. Udongo, utuachie sisi ba Masisi."

Kwetu, muti ukiwa wa njano, maana yake iko na njaa. Njo vile tulivyofundishwa tangu tumbo. Kumunyima mbolea ni sawa na kumunyima mutoto uji. Nilimuona Direktere kuwa muntu wa vitabu tu. Basi asubuhi moja, kapita akiwa anaita majina kule uwanjani, niliingia na kikapu cha mbolea nzuri, ile iliyooza mwaka mzima, nikafukua kwenye kila chungu, nikatia, nikafunika na muchanga juu ili isionekane.

Wiki ya kwanza majani yakawa kijani. Kijani cha kweli! Direktere akanipiga begani. Nikatembea kama muntu aliyeoa. Wiki ya tatu ncha zikawa nyeusi, mashina yakalegea, na mimea tisa ikafa ndani ya siku chache. Ikabaki mitatu, nayo inayumba.

Direktere alikuwa mwekundu wa hasira. Aliita kila muntu, akatafuta kila pahali, na kapita akaona juu ya mulango wa nyumba ya vioo kifungu kidogo cha majani kimefungwa kwa kamba. Kilikuwa cha Papa Birere. Alikuwa amekitundika vile wawindaji wa kwao wanavyotundika kwenye mulango wa kitu wanachotaka kiishi. Kapita akasema ni dawa ya kuloga. Direktere akasema: "Njo hiyo! Amemwaga dawa kwenye vyungu vyangu!" Papa Birere akajibu neno moja: "Hapana." Kisha akanitazama mimi.

Nilitazama chini. Nilikuwa na mbolea chini ya kucha zangu, na nilitazama chini.

Wakati ule kila mufanyakazi alikuwa na buku yake ya kazi, na bwana akikuachisha anaandika humo. Direktere aliandika kwa wino: "Anatumia dawa mbaya. Asipewe kazi." Kwa sentensi ile hakuna stasio wala shamba la Muzungu lingemupokea tena, na aliye bila kazi angeweza kukamatwa kuvunja mawe ya barabara. Aliondoka saa ileile na buku yake mufukoni. Mimi nilibaki na mimea mitatu.

Sasa muone ubaya wangu ulivyokuwa hauna haya. Baada ya siku chache nilikwenda kwa Direktere, nikamuambia: "Bwana, kule Ntoto kuko manyoya ya kinamasi. Nadhani muti wa vibuyu utayapenda." Nilisema kama ni wazo langu. Akafurahi, akaandika barua ya ruhusa, akanipa mifuko miwili.

Nilitelemka milima kwa miguu, kutoka baridi mpaka joto la pori, nikiwa na haraka ya muntu anayefukuzwa. Nilitumaini kupata mwingine wa kunionyesha. Lakini pale Ntoto kila niliyemuuliza alijibu vilevile: kinamasi kile ni cha ukoo wa Papa Birere, mutafute mwenyewe.

Nilimukuta anasuka mutego. Hakusimama. Aliniambia: "Karibu, Bahati. Kaa, ukule." Bibi yake akaniletea ndizi na samaki, nikala bila kusikia utamu wowote. Kesho yake alinipeleka mpaka ukingo wa kinamasi, akasimama.

"Huku iko na desturi," akasema. "Mugeni hachukue kitu mbele ya kusema. Unasema jina yako, jina ya baba yako, na kitu gani kimekuleta, yote, kwa sauti. Mimi nasikia. Ukificha, mimi sikuvushe."

Nikasema jina langu. Nikasema jina la baba yangu. Nikasema nimekuja kutafuta manyoya ya mimea ya Direktere. Papa Birere hakusogea. Maji yalikuwa mbele yangu, mbu wananila masikio, na yule muzee anangoja tu. Nikaanza upya. Sauti ikanitoka nisivyotaka: "Nimekuja kwa sababu niliua mimea tisa. Nilitia mbolea kwa siri. Ulifukuzwa kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza." Nililia, siwafichi.

"Nilijua," akasema. "Ile siku nilinusa kwenye vyungu. Pua yangu iko ya muwindaji."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angesikia? Mimi nilikuwa muntu ya dawa. Weye njo ulikuwa na mudomo."

Akanivusha. Alinionyesha yote kwa subira ambayo sikustahili. Manyoya usiyang'oe mpaka chini. Kata juu, acha chini yaote tena. Halafu akanipeleka kwenye fugeri kubwa, mumea usiotoa maua, ule wenye shina kama muti, akachuna nyuzi nyeusi za shina: hizi haziozi upesi, zinaacha njia ya hewa. Mwisho tukarudi, akaingia nyumbani, akatoka na buku yake ya kazi, akaiweka juu ya mufuko wangu.

"Irudishe ikiwa imetengenezwa," akasema. "Ao usirudi."

Nilipanda milima na mifuko kichwani na buku kifuani. Kutoka Mubambiro kamio, lile gari la mizigo, ilituletea vijiwe vyepesi vya volkano, vile vyenye matundu. Nikachanganya: mafungu mawili ya manyoya, moja ya nyuzi za fugeri, moja ya vijiwe, na konzi ya makala, yale makaa meusi ya kupikia, yaliyopondwa ili maji yasinuke. Nikakamua kwa mukono: matone machache yanatoka, basi, ukifungua vidole bonge linaachana polepole. Njo kipimo. Nilipotoa ile mimea mitatu niliona mizizi ni myeusi, nikashika kisu, nikakumbuka Direktere aliwahi kusema kwamba mizizi yake ni myeusi hata ikiwa mizima. Nikaosha mbolea yote, nikapanda bila kukata kitu.

Ilishika. Mwezi wa pili kibuyu cha kwanza kilifunguka, chenye midomo myekundu. Direktere alileta wageni kukiangalia. Alisema kwa sauti: "Huyu, Bahati, iko mutu yangu wa kwanza!" Na mimi nilichekelea, na ile buku ilikuwa bado chini ya kitanda changu. Wiki zilipita. Kila asubuhi nilisema leo. Sikuweza kukaa, sikuweza kula, nilimugombeza bibi yangu kwa chumvi, kwa kuni, kwa mvua. Mwishowe aliniuliza: "Nani anakufukuza, baba?" Nikatoka pale pale, nikaenda ofisini.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Direktere alishangaa, halafu, mutaamini? Alicheka. "Mavi tu? Basi! Mimea imepona. Rudi kazini."

"Bwana, buku ya Birere."

"Wino iko wino."

"Bwana, haikuwa kweli."

Akaacha kucheka. Akagonga meza na kalamu. "Mimi nikisahihisha yake, lazima niandike kwako. Kosa haiwezi kukosa mwenyewe. Unataka?"

Nilikuwa na bibi na watoto wawili. Nilikuwa na cheo ambacho hakuna muntu wa kilima chetu alikuwa amekipata. Nitawaambia ukweli: nilitoka nje. Nilizunguka ile ofisi mara mbili, kapita akinitazama. Halafu nikaingia, nikatoa buku yangu mufukoni, nikaiweka juu ya ile ya Papa Birere.

Kwenye yake alipiga mustari, akaandika: "Alisingiziwa. Mufanyakazi muzuri." Kwenye yangu: "Alitia mbolea kwa siri, akaacha mwenzake afukuzwe." Na kwa kuwa lilikwisha kuandikwa, akaniachisha kazi kabla ya mwezi kwisha.

Nilipeleka buku Ntoto mimi mwenyewe. Papa Birere hakujua kusoma, kwa hiyo nilimusomea. Akaniambia nirudilie, nikarudilia. Kisha akauliza: "Na yako inasema nini?" Nikamusomea na yangu. Akafuta jasho usoni. "Mama," akamuita bibi yake, "leta chakula. Leo huyu atasikia utamu." Na kweli niliusikia.

Mwaka uliofuata yeye alipata kazi kwenye shamba la kahawa la jirani, akawa kiongozi wa pepinieri. Mimi nilihamahama miaka yote ya hamsini. Kule Kalembe, Bwana Agronomu, mukubwa wa kilimo, alifungua buku yangu, akasoma, akauliza: "Hii ni nini?" Nikaeleza. Akanipa jembe badala ya kitalu. Shamba lingine hata hawakuniacha nieleze. Mahali pengine walinipokea, nikakaa msimu mumoja, halafu bwana mupya akaja, akafungua, akasoma. Nilifunga mizigo mara nyingi mpaka bibi yangu akaacha kufungua masanduku. Nilikasirika, ndiyo. Kuna siku nilimukasirikia hata Papa Birere, na hakuwa na kosa.

Sasa nimestaafu, nimerudi Masisi. Ule muti wa vibuyu pale dirishani, ndani ya kopo ya rangi, ulitoka kwenye kipande ambacho Papa Birere alikiomba stasioni, akanitumia kabla hajafa. Munaokuja kuniuliza mchanganyiko, nimekwisha kuwapa, na mbolea mupelekee maharagi. Lakini muuite mchanganyiko wa Papa Birere. Nikisikia muntu anauita wangu, namufukuza hapa nyumbani.

Juzi kijana mumoja wa ofisi alikuja kunisaidia na makaratasi ya malipo ya uzee. Muzuri, mwenye heshima. Alifungua buku yangu ya kazi, akaona ule ukurasa wa Direktere, akaona haya kwa ajili yangu. Akasema kwa sauti ndogo: "Papa, hii tunaweza kuitoa. Hakuna muntu ataona." Alikuwa amekwisha kushika karatasi kwa vidole viwili.

Nilisimama kwa haraka mpaka chai ikamwagika. "Acha!" nikamuambia. "Ukurasa huo njo ulimurudisha Papa Birere kazini."