Gari ilikunywa maji ya mama: uzi juu ya ventilateur yenye nilitosha mwenyewe

Bakubwa wa humu, na benye munapitaka tu kusoma kisha munaenda zenu, jambo kwenu bote. Wabukire kwa Banande benzangu.

Mimi masomo niliachia ku primaire ya tatu, donc mwenye atakosoa maandishi akosoe polepole. Mais uongo hapa hakuna. Ningependa iwe uongo.

Minaona kila siku batu banauliza juu ya gari yenye inachemuka. Huyu anajibu badilisha radiateur, ule anajibu tosha thermostat. Nasoma tu, nanyamaza. Leo acha niseme yangu, ya wakati wa vita.

Nilikuwaka na kagari ka taxi hapa Butembo. Kalikuwa na ventilateur ya umeme, ile panga yenye inazunguka na kupepea radiateur.

Sasa Butembo munaijua, ni baridi. Sisi bashofere tulikuwa tunasema gari ya mulima inapepewa na mulima.

Jirani wangu wa Bulengera alikuwa anafua majembe. Vita ilifunga njia za mbali, majembe ya duka haikufika tena, njo akaanza kuyafua mu vyuma vya malori ya zamani. Akaniomba ile ventilateur aifunge ku batri, imupulizie makala ya moto ya kufulia vyuma. Nikaitosha ku gari, nikamupa.

Yalikuwa majembe ya nguvu, kusema kweli. Moja niko nalo mpaka leo, mupini nimebadilisha mara tatu. Basi, nimeanza kupotea njia.

Mwaka ukapita. Gari haikuchemuka hata siku moja. Nikasahau.

Mama yetu alikuwa Beni, kwa dada yangu Masika, mugonjwa sana. Vita ikaanza kusogea upande ule. Masika akaniita ku phonie, ile redio ya kuitana, akasema mama hataki kufia Beni, anataka alazwe karibu na kaburi ya baba, Bulengera. Nikuje kumukamata haraka, mbele njia ya Beni nayo haijafungwa.

Nikashuka asubuhi. Kushuka ilikuwa muzuri, gari inateremuka, upepo inaingia yenyewe mbele.

Tukalaza mama ku kiti ya nyuma na matandiko. Masika akakaa chini kabisa, akashikilia kichwa yake. Alichemusha maji, akaipoza, akatia mu bidon ya litre tano, juu mama alikuwa na kiu ya homa, kila saa kidogo anaomba.

Ku mupando ya Kabasha tukakuta lori mbele yetu, inapanda sawa kinyonga. Kuipita haiwezekani. Mushale ya moto ikapanda mpaka ku nyekundu.

Nikasimama. Nikaangalia durite, zile mipira za maji: zote kavu. Mukaba ya pompe: muzuri. Nikafungua bouchon, kifuniko ya radiateur, haraka-haraka, maji ikanirukia. Alama iko ku mukono mpaka leo. Musifungue bouchon ya moto, jamani, hata mukiwa na haraka gani.

Yote niliangalia, ila ventilateur. Kitu yenye umezoea kukosa, unasahau kama inakosekana.

Nikakamata bidon ya mama, nikamwanga nusu mu radiateur. Masika akaniangalia tu. Akasema, "Paluku, gari yako inakunywa kupita mugonjwa."

Tulicheka, bakubwa. Hata mama alicheka kidogo.

Kisha tukafika ku barière ya askari. Gari zilikuwa zimepangwa, jua ku kichwa. Nikaenda kueleza kama niko na mugonjwa. Askari akanijibu, "Vieux, zela chef," yani ningojee mukubwa wao. Mukubwa hakuwepo.

Batri yangu ilikuwa imechoka, démarreur haiitike, gari inawaka kwa kusukumwa tu. Njo nikaogopa kuzima. Nikaacha moteur inazunguka, gari imesimama, hakuna upepo, hakuna ventilateur. Ikachemuka sawa sufuria ya maharagi.

Nikazima kwa nguvu. Nikangojea ipoe kidogo, nikafungua, nikamwanga nusu yenye ilibaki. Nilisema mu roho: hapa mbele kuko watu, tutapata maji ingine.

Mais manyumba za pale zilikuwa tupu, benyewe balikimbilia mu pori. Niliomba ku gari zingine na kwa askari, bidon zote kavu. Mutoni ilikuwa chini mu bonde. Nikaomba kushuka. Askari bakakatala, banasema chini kuko adui.

Njo mama akafungua macho.

"Paluku, maji."

Nikakamata kikombe. Nikalala chini ya gari, nikafungua karobine kadogo ka chini ya radiateur. Maji ikatoka nyekundu ya kutu, inafuka moshi.

Nikashikilia kile kikombe, nikapuliza. Nikapuliza kabisa.

Ilipopoa, Masika akafunga macho ya mama na mukono, akasema, "Acha."

Nikarudisha ile maji mu radiateur, juu safari ilikuwa ingali mbele.

Askari baliona, bakafungua barière bila mukubwa wao. Balinisaidia hata kusukuma. Na munajua nini? Njia ikawa wazi, gari ikapata upepo, haikuchemuka tena hata kidogo mpaka Bulengera.

Tulipopita kwa jirani, nikasikia ventilateur yangu inapuliza makala. Pale njo nilijua.

Donc fundisho ni hii. Gari ikiwa baridi mu mwendo, kisha inachemuka ikisimama ao ikipanda polepole, musianze kubadilisha kila kitu. Angalieni ventilateur: kama iko, kama inazunguka, kama umeme inafika. Na maji ya gari ikae mbali na maji ya batu.

Mwenye iko na mengine juu ya ventilateur aandike, nitasoma yote. Ila musiniandikie kama ilikuwa mapenzi ya Mungu. Padri alishaniambia ivyo, na yeye hakushika kile kikombe.