Alama kwenye Paji la Mzee Ramazani

Mimi ni mwalimu hapa Kindu, na mdomo wangu hauna breki. Juzi wanafunzi waliniuliza maana ya "mcha Mungu". Nikamwita darasani jirani yangu Mwislamu, Mzee Ramazani, aliyekuwa akipita na baiskeli. Nikaonyesha alama nyeusi kwenye paji lake.

"Mcha Mungu husujudu mpaka uso wenyewe unashuhudia. Andikeni!"

Mzee akacheka. "Hapana, Mwalimu. Hii njo alama ya kamba ya kitunga, kile kikapu ya kubeba mugongoni, kamba yake inapita kwa paji. Wakati ya vita nilibeba muntu mugonjwa ndani yake toka Lokandu mpaka hapa, kamba ikanikata kichwa."

"Muntu gani, Papa?" wakauliza.

"Mama yake Mwalimu. Na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya tumbo."

Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ile maana tufute?"