Ukurasa Aliousoma Chiriku

Hakimu alimpa binti yangu kitabu asome. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Tatizo? Hakuna hata neno moja alilolitamka lililoandikwa kwenye ukurasa ule.

Ngojeni niwaeleze.

Waumini wa imani yetu ni wachache. Tukikutana kuabudu, tunaenea sebuleni kwa shemeji. Mwaka wake wa kwanza shuleni, Chiriku alichapwa kwa kukosa mtihani siku yetu ya ibada.

Nikamtoa. Nikamfundisha mwenyewe, meza ya jikoni. Mimi nasoma, yeye anafuatisha. Kichwa chepesi huyo, acheni tu!

Afisa ustawi wa jamii akatupeleka mahakamani. Alitaka mtoto achukuliwe.

Asubuhi ya kesi nilishindwa hata kumfunga vifungo vya gauni. Baba yake akamfunga.

"Mama, watanipeleka wapi?"

"Hakuna wa kukupeleka popote."

Nilisema tu. 

Basi turudi pale alipomaliza "kusoma". Afisa aliruka juu kama kakalia moto.

"Mheshimiwa, umesikia mwenyewe! Kakariri maneno ya dini. Hajui hata a!"

Niliona giza. Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Chiriku, mtoto ndo anaenda hivyo."

Hakimu alikuwa mama mtu mzima. Alikuwa anamkazia Chiriku macho.

"Mjukuu wangu, mbona ulipokuwa unasoma macho yako hayakusogea? Hapo kitabuni unaona nini?"

Chiriku akainamia kitabu.

"Sema, usiogope."

"Ukungu, bibi."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na mama hukumwambia?"

"Niliogopa. Mama analia kila siku kwa ajili ya kesi."

 Kumbe ndiyo maana alikuwa akijigonga kwenye viti nyumbani, mimi nikimfokea "Wewe mtoto una papara!"

Hakimu akaamuru apelekwe hospitali kwanza. Daktari akakuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Angechelewa zaidi, tungekuwa tunaongea mengine.

Akafanyiwa upasuaji. Hukumu ikaja: abaki nyumbani, ila mwalimu wa nje awe anampima kila muhula.

Yule afisa niliyemwombea mabaya, ndiye aliyemponya mwanangu macho bila kujua, kwa kutupeleka mahakamani.

Ndugu zangu, kumlea mtoto katika imani yako ni haki yako. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nilimfungia mlango, na mgonjwa nilikuwa naye ndani.