Kinanda Kwanza

Jumatano, tarehe tisa Mfungo Mosi, mume wangu alifariki. Adhuhuri sebule ikaondolewa vitu ili itandikwe mikeka ya matanga. Wanawake wakachomoa nyaya za kinanda chake na kompyuta, wakazifunga pamoja kwa kipande cha khanga. Baada ya hapo kinanda kiligoma kutoa sauti yake.

Sauti hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa miaka miwili, kwenye programu ambayo mtu huchora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Ilikaribia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ila ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Kikundi chake cha taarabu hakikuwa nayo mahali pengine.

Kompyuta ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayefanya kazi Horohoro, mpakani. Alinipigia simu kwamba Jumamosi angekuja kuichukua, aifute yote, wanawe wasomee. Ni mali yake, sikubisha. Nilimwomba tu kwamba ile sauti ikilia kabla hajaondoka na kompyuta, aniachie. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Nilikuwa nimekaa eda, nisingeweza kuipeleka kwa fundi. Nimesoma hadi darasa la saba. Lakini jioni nyingi nilikaa nyuma ya mume wangu nikichambua mchele na kumtazama.

Jumatatu niliunganisha waya, nikafungua programu, nikawasha kinanda, nikabonyeza. Kimya. Kisanduku kinachoonyesha namba ya kila noti kilibaki sifuri. Nikalaumu waya. Nikabadilisha, bado.

Alhamisi ndipo nilipoona kosa langu. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo kila chombo cha thamani nakiwasha mwisho kisije kikaungua. Nimeishika desturi hiyo tangu niolewe. Kumbe programu hutafuta vyombo pale tu inapofunguliwa, na kila mara ilikuta kinanda kimezimwa. Nikawasha kinanda kwanza. Jina lake likatokea kwenye orodha, nikalichagua, nikabonyeza. Sitini! Namba zikafuata vidole vyangu, ila sauti hakuna.

Jumamosi shemeji alikuja na begi, akakaa barazani kama inavyopasa. Nilimpelekea kahawa kupitia kwa wifi yangu, tukazungumza pazia likiwa katikati yetu.

"Shemeji, ufundi umeuanza ukubwani?" akanitania.

"Maliza kahawa kwanza."

"Basi nakunywa polepole."

Nikarudi kwenye skrini. Kando ya ile sitini palikuwa na moja, namba ya njia ambayo noti zinapitia. Kwenye kisanduku cha marehemu, chenye sauti, aliandika tano. Kinanda kilipochomolewa kilikuwa kimesahau, kikarudi njia ya kwanza, na kisanduku chake kilisikiliza ya tano tu. Ningeweza kufuta ile tano. Sikutaka kugusa alichoandika. Nikabonyeza vitufe vya kinanda mpaka nacho kikafika tano.

Nikapiga noti moja. Ikalia, na mkwaruzo wake.

Sijawahi kujiona mkubwa kama dakika ile. Kwa kidole kimoja nikapiga mwanzo wa wimbo aliokuwa akiujaribu kila alasiri, nikakosea mara mbili, nikaendelea.

Barazani kikombe kiliwekwa chini.

"Piga tena," akasema shemeji.

Nikapiga tena, safari hii bila kukosea. Akamuaga dada yake, kisha mimi, akakunja begi lake tupu kwapani, akaenda stendi.