Hoja Yangu Dhidi ya Beki wa Shangazi

Kosa langu la mwanzo halikuwa kusimama mbele ya watu na kusema nilichosema. Hilo lilikuja baadaye. Kosa la mwanzo nililifanya mezani, katikati ya wiki, tukila wali na samaki, Shangazi aliponiuliza, "Jumapili utakuwa wapi?" nami nikajibu, "Nina shughuli kidogo." Upande wa pili wa meza alikuwa ameketi mtu ambaye shughuli hiyo ilimhusu, anachambua miiba taratibu na kuipanga pembeni mwa sahani kama alivyofundishwa. Shangazi akasema, "Sawa, hata mimi nina shughuli kidogo," na sikumuuliza shughuli gani. Ningeuliza, leo nisingekuwa na aibu ya kuwasimulia.

Nilikuja London kutoka Morogoro kusoma, nikafikia kwa Shangazi Rehema, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Barking na kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Jioni nilipata kibarua cha kuuza chipsi kwenye ukumbi wa barafu, na huko ndiko hoki ya barafu ilikoniingia bila kubisha hodi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaanga huku nikichungulia, kisha mchana nikaenda maktaba kusoma kanuni kwenye kompyuta, na kwa kuwa mimi siwezi kujua kitu nusu nusu (nikipiga pasi shati, napiga hadi sehemu inayoingia ndani ya suruali), haukuisha msimu nikawa najua mambo ambayo wachezaji wenyewe hawakuyajua, au walikuwa nayo akilini lakini hawakuona haja ya kuyachorea mchoro.

Kilichonikosesha usingizi hasa ni kikomo cha mishahara. Ligi yetu ilikuwa ndogo, na ili klabu yenye pesa isizimeze nyingine, kila timu iliwekewa kiwango cha kulipa wachezaji wote kwa jumla, hairuhusiwi kukivuka, kwa hiyo ukimwongezea mmoja lazima mwingine apungue. Watu wengine wakisikia hivyo wanasema sawa na kuendelea na chipsi zao. Mimi niliona sanduku la safari ya ndege: kila nguo ina uzito wake, na ukikuta koti zito usilolivaa, unalitoa.

Koti lenyewe kwangu lilikuwa Marek.

Marek alikuwa beki wetu, Mslovakia, mrefu, mpole, mwenye magoti yaliyolia akipanda ngazi. Nayajua hayo magoti kwa sababu ngazi zilikuwa zetu. Aliishi kwa Shangazi. Ilitokea hivi: mwenyekiti wa mashabiki alikuwa Mzee Gurdeep, Singasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la vyombo vya umeme Ilford, ambaye ujanani alicheza magongo ya nyasi huko kwao na baada ya kuhamia baridi akaamua kupenda ya barafu. Shangazi alikwenda dukani kwake kununua friji, wakagundua wanaongea Kiswahili, na kabla friji haijapakiwa kwenye gari, Mzee Gurdeep alikuwa ameshamweleza kwamba klabu inatafuta familia za kuwapokea wachezaji, na Shangazi alikuwa ameshasema chumba kipo.

Kwa hiyo nilikuwa na Marek wawili. Marek wa nyumbani aliniamsha ili nisikose basi, aliosha vyombo, na alijua kusema "asante kwa chakula" kwa lafudhi ya Shangazi. Marek wa uwanjani aligeuka kama kabati linalohamishwa na watu wasiokubaliana. Wa kwanza nilikula naye. Wa pili nilimwandika.

Nilimwandika kwenye ukurasa wa mashabiki mtandaoni, kwa jina la bandia la Mchambuzi. Niliweka idadi ya mabao tuliyofungwa akiwa kwenye barafu, nikalinganisha na mshahara niliosikia analipwa (nilisikia kwenye huo huo ukurasa, kutoka kwa watu wenye majina ya bandia kama mimi), na watu wakaanza kunisifu. Hamjui sifa zinavyomfanya mtu ambaye usiku hulala akikumbuka sentensi aliyoikosea mchana. Mzee Gurdeep akaandika kumwomba Mchambuzi, yeyote yule, aje kwenye mkutano wa mwisho wa msimu awasilishe hoja yake. Nikakubali.

Sasa, mkutano ule haukuwa wa kupiga soga. Mashabiki tulikuwa na mfuko wetu. Wakati wa mapumziko tuliuza visahani vya sponji, watu wakavirusha kwenye barafu, aliyekaribia alama ya katikati akapata zawadi, na kilichobaki kilimlipa mchezaji mmoja mshahara wa msimu mzima. Nani alipwe, tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Msimu ule tulikuwa tumemlipia Marek. Tukimwacha, meneja hakuwa na fungu lingine la kumlipia, na Marek hakuwa na timu nyingine inayomsubiri. Hayo yote niliyajua. Niliyajua kama unavyojua kanuni.

Jumapili niliondoka nyumbani asubuhi kwenda kufanya mazoezi ya hotuba bustanini. Jikoni kulinukia vitunguu na bizari nyembamba. Nikadhani ni mambo ya kanisani.

Mkutano ulikuwa kwenye baa ya ghorofani pale ukumbini. Mchoro wangu niliubandika ukutani (ulikuwa wa pili, wa kwanza niliutupa kwa sababu mstari mmoja ulipinda), na Mzee Gurdeep, kilemba cha rangi ya timu, akanitambulisha: "Huyu ndiye Mchambuzi. Kumbe ndiye aliyekuwa akituuzia chipsi." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja dereva wa basi, aliyekuwa hakosi mechi wala skafu, akasema, "Mwanangu, chipsi zako zina chumvi nyingi, lakini maandishi yako ni mazuri." Nikaanza.

Nilizungumza vizuri. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndio uliokuwa msiba wenyewe. Nilieleza sanduku, nikaeleza koti, watu wakatikisa vichwa kukubali, na nilikuwa nimefika sehemu ya kabati linalohamishwa, watu wanacheka, nami natabasamu, mlango ulipofunguliwa akaingia Shangazi na sinia la sambusa. Nyuma yake, na masinia mawili mikononi, akisukuma mlango kwa bega, alikuwa Marek.

Wachezaji hawakuwa na desturi ya kuja kwenye mkutano ule. Lakini Mzee Gurdeep alikuwa amemwomba Shangazi sambusa, na Shangazi hawezi kubeba masinia matatu peke yake, na mpwa wake ambaye angemsaidia alikuwa na shughuli kidogo.

Hapo mtu mwenye akili angekohoa, akaomba maji, akakaa. Mimi nilikuwa na kurasa mbili zimebaki. Sijui niwaelezeje watu wa kawaida, lakini nikiwa nimepanga jambo lina sehemu nne, siwezi kuishia ya tatu, mwili wenyewe unakataa. Nikaendelea. Nikaeleza umri. Nikaeleza magoti. Nilisema "kwa vyanzo vya karibu" nikimaanisha ngazi zetu. Marek aliweka masinia mezani, akaketi kiti cha nyuma, akasikiliza kama mwanafunzi, na Shangazi akawa anapita mstari kwa mstari akigawa sambusa, anaambia kila mtu, "Karibu, chukua mbili."

Nilipomaliza, mama dereva akasema, "Naunga mkono," mdomo umejaa sambusa.

Meneja akaomba nafasi. Alikuwa mtu mchovu asiyependa maneno. "Mchoro ni mzuri," akasema, "ila huo mshahara si wake. Marek alikubali nusu ya huo, ili kipa tuliyekaribia kumpoteza abaki. Na nyumba hatumlipii. Kwa kanuni za ligi, kodi tunayomlipia mchezaji inahesabiwa ndani ya kikomo. Kwake haihesabiwi kitu, kwa sababu huyu mama alikataa kupokea."

Watu wote wakamgeukia Shangazi. Akasema, kwa Kiingereza chake cha kazini, "Nikimtoza kodi atakuwa mpangaji. Mpangaji sitaweza kumgombeza akiacha taulo kitandani."

Niliishi nyumba ile. Nilijua mshahara wa kipa wa timu pinzani, na wa mtu aliyekuwa akinipitishia chumvi sikuujua, kwa sababu ilikuwa rahisi kuuliza kompyuta kuliko kumwuliza yeye.

Nikanyoosha mkono. "Mzee, naomba kuiondoa hoja."

Mzee Gurdeep akavua miwani, akanijibu kwa Kiswahili ili, nadhani, kunisitiri, ingawa alitumia kipaza sauti. "Haiwezekani, kijana. Hoja imeungwa mkono. Si yako tena, ni ya mkutano. Ugali ukishapakuliwa huwezi kuurudisha sufuriani."

"Mzee, nimekosea hesabu."

"Basi una haki ya kusema neno la mwisho. Waambie umekosea."

Nikasimama tena, mara hii bila karatasi. Niliwaambia namba moja haikuwa sahihi. Mtu akauliza, je, hayo mabao tuliyofungwa ni sahihi? Nikasema ndiyo. Na magoti? Nikasema magoti pia. (Singeweza kudanganya, mchoro ulikuwa nyuma yangu.) Kisha nikaona nitaje sifa zake, na akilini ikanijia moja tu, nikasema, "Ni mtu mwema. Anaosha vyombo."

Kutoka nyuma mtu akasema, "Tumpe basi kazi ya chipsi," na baa yote ikacheka, na hata Marek alicheka, jambo ambalo sijalisahau.

Mzee Gurdeep akaita kura. Wanaotaka Marek aachwe wanyooshe mikono. Niliona watu wanatazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, huruma imewashika, na mimi nikaanza kupumua. Halafu mkono mmoja ukapanda, mrefu, taratibu, kutoka kiti cha nyuma. Ulikuwa wa Marek.

"Kijana yuko sahihi," akasema. "Mimi sasa ni mzito. Naona mpinzani anakwenda wapi, ila nafika akiwa ameshaondoka. Kipa anahitaji beki mwenye mbio."

Baada ya hapo mikono ikapanda kama watu wanaoagiza chai. Nilipiga kura ya kuipinga hoja yangu mwenyewe, nikiwa na Shangazi, ambaye hakuwa mwanachama na kura yake haikuhesabiwa. Hoja ikapita.

Tulirudi Barking kwa basi, sote watatu, masinia matupu yamenikaa magotini. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi na nilikuwa natafuta maneno yaliyo kamili, na kila niliyoyapata yalikuwa na kasoro, mpaka Marek akanitangulia. "Mchoro mzuri," akasema. "Mistari imenyooka."

"Nisamehe," nikasema. Ndilo lililokuwepo.

"Nitarudi kwetu mwisho wa mwezi. Usijali."

Shangazi, aliyekuwa akitazama dirishani tangu tupande, akauliza, "Nani kakwambia urudi?"

"Wamepiga kura, Mama Rehema."

"Wamepiga kura ya mchezo. Chumba changu sijakipigisha kura." Akanigeukia. "Na wewe, Mchambuzi, shika sinia vizuri, linachafua suruali."

Marek akabaki. Akapata kazi palepale ukumbini ya kufundisha watoto kuteleza, na Jumamosi ungemkuta na mlolongo wa watoto nyuma yake, wanageuka taratibu kama yeye. Mimi nilidhani adhabu yangu imeishia kwenye basi. Majira ya joto yakapita, beki mpya akapatikana, Mkanada, mwenye mbio, amechaguliwa kwa kufuata mchoro wangu karibu neno kwa neno. Klabu ikawa haina pa kumweka bila kuvuka kikomo. Mzee Gurdeep akampigia Shangazi simu, nami nilikuwepo sebuleni nikimsikia anajibu, "Nafasi ipo, mzee wangu. Kuna chumba cha Mchambuzi."

Nikahamia kwenye kochi.

Huyo Mkanada alikuwa na mbio kweli. Uchambuzi wangu haukuwa na makosa hapo. Ila msimu ulikuwa bado mchanga alipoumia goti, na mchezaji aliyeumia (hili nalo nililijua tangu maktaba) mshahara wake unaendelea kukaa ndani ya kikomo, huwezi kuleta mwingine wa maana. Basi akawa amelala kitandani kwangu, mguu juu ya mto wangu, nami nampelekea chai, naye ananishukuru na kuniuliza kama naufahamu mchezo wa hoki.

Meneja akaja nyumbani kumwomba Marek arudi kwa kiasi chochote kilichobaki. Tulikuwa mezani. Marek alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akanitazama mimi.

"Mchoro unaruhusu?" akauliza.

Nilisema unaruhusu. Akacheza msimu wote uliobaki, polepole, na tulifungwa mabao kadhaa ambayo sikuyaandika popote.

Bado nakipenda kikomo cha mishahara. Nikikutana na mtu asiyekielewa namweleza hadi aombe ruhusa ya kuondoka. Lakini siku hizi, kabla sijasema mchezaji fulani aachwe, nauliza kwanza analala wapi. Na Shangazi akiniuliza Jumapili nitakuwa wapi, namwambia, halafu namuuliza na yeye.