Turubai la Krismasi

Ikifika Desemba, sisi watu wa bara tunaoishi Dar huwa tunaondoka. Wachaga wanakwenda Moshi, sisi tunakwenda Njombe, na Yombo yetu inabaki na wenyewe, watu wa pwani, ambao hutucheka kwamba tunahangaika mwaka mzima ili tukatetemeke na baridi kwa siku chache. Mwaka ule hatukwenda. Mama alikataa. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikuwa Kongo na jeshi, na kijijini kwetu simu inashika mtandao ukipanda juu ya kichuguu tu. "Akipiga akanikosa?" alisema mama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa amekwenda kulinda amani. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Krismasi yake ya kwanza huko ilikuwa ya kuchekesha. Alitutumia video: wamevaa kofia nyekundu za karatasi juu ya kombati, mmoja anapiga ndoo kama ngoma, wengine wanaimba kwa sauti nne, na nyuma yao mbuzi anachomwa. Krismasi ya pili hapakuwa na video. Vita ilikuwa imesogea mpaka karibu na kambi yao, uwanja wa ndege umefungwa, na zamu yao iliyotakiwa kuisha ilikuwa imeongezwa bila mtu kutuambia imeongezwa hadi lini. Siku chache kabla ya sikukuu, redio ikasema kuna askari wa kigeni waliouawa huko. Haikutaja majina wala nchi. Tangu siku hiyo simu yake ikawa haipatikani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtu asiyeweza kuona jambo limetulia bila kulishika. Aliamua kwamba dada yake hawezi kula sikukuu peke yake na simu. Mkesha wa Krismasi, asubuhi, akashuka Dar pamoja na mkewe na mama yangu mdogo, wamevaa makoti ya kule juu, jasho linawatiririka, na gunia la viazi. Nyumba yetu ni ndogo. Kwa hiyo mjomba akakodi turubai na viti vya plastiki, akalifunga mbele ya nyumba, nusu yake barabarani. Alipotaka kuwasha redio mama akamkataza. Hakuna muziki, alisema, mpaka mtoto apige. Kisha akaingia ndani, akatoka na picha ya mdogo wangu ya siku aliyomaliza mafunzo, ile ya kwenye fremu, akaiweka juu ya kistuli kivulini. Alitaka awe pamoja nasi. Nilimwona akifuta kioo kwa ncha ya kanga yake, nikageuza uso.

Sasa hebu jifanye wewe ndiye jirani, unapita barabara ile. Watu wote wa bara wamepanda kwao, hawa wao ndugu zao wanashuka. Turubai limefungwa. Viti vimepangwa. Wanawake wanachambua mchele kimyakimya. Kuna picha ya askari, na redio imeshasema yake. Ungefikiri nini?

Mwanamke wa Kiarabu mwenye duka pale kona, ambaye ukoo wake ulikuwepo Yombo kabla ya umeme, alifunga duka. Alikuja na majirani, wamejitanda kanga, huyu kabeba sukari, yule mkeka. Walikuja taratibu, hawasemi. Akavua ndala zake, akamkumbatia mama.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Tumeumbiwa sie haya. Mtoto yule alikuwaga hapiti dukani kwangu bila kunipa shikamoo yangu."

Akaanza kulia. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikasimama na kisu changu mkononi.

"Bi mkubwa, hakuna msiba hapa," nilimwambia. "Ni Krismasi tu."

Alinitazama kwa huruma, akanibana mkono, na nikaelewa. Kwetu habari ya kifo haimwendei mama kwanza. Wanaambiwa wanaume, wanaitwa ndugu wa mbali, vinatafutwa viti, na mama anadanganywa kwamba mtoto anaumwa kidogo, hadi watu wa kumshika wawe wametosha. Kabla ya hapo kila anayeulizwa hujibu kwamba hakuna kitu. Na mimi ndilo jibu nililokuwa nimelitoa.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama turubai, akamtazama kaka yake na koti lake, akanitazama mimi.

"Mmejua tangu lini?"

"Mama, hatujui chochote. Hakuna habari yoyote."

"Ndiyo maana mjomba wako amekuja."

"Nimekuja kula sikukuu," alisema mjomba, akiyakwepa macho yake, maana yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa. Afadhali angenyamaza. Mama akavua viatu, akakaa kwenye mkeka wa majirani, akanyoosha miguu, kama wanavyokaa wafiwa.

Nilikasirika siku ile kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nilimkasirikia mjomba na turubai lake. Niliikasirikia redio. Nilimkasirikia hata mdogo wangu kwa kuchagua kazi ile, wakati angeweza kuuza makava ya simu Kariakoo kama wenzake. Kila aliyefika nilimweleza, na kila niliyemweleza aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kukaa. Mchana watu walikuwa wameshajaa. Vijana wakawasha moto, pilau yetu ya Krismasi ikapikwa kwenye masufuria ya msibani, ikaliwa na waombolezaji. Mwalimu wa kwaya akaja kuniuliza ni wimbo gani marehemu alikuwa anaupenda. Nilimfukuza. Jioni yule mama wa dukani akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole mwili unaletwa lini. Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia, na kilio changu kikawaondolea mashaka wote waliokuwa bado nayo.

Krismasi yenyewe hakuna aliyekwenda kanisani. Mama alikuwa hajala tangu jana yake, na hakuna aliyeweza kumwinua pale mkekani. Alasiri simu yake ikaita, namba ya kigeni. Aliitazama muda mrefu. Mjomba ndiye aliyeibonyeza, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Lile kovu la gotini ulilipata wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Nimekuuliza kovu."

"Bati la choo cha kwa babu. Halafu ukanichapa kwa nini nilipanda."

"Marahaba," alisema mama, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Vigelegele vilipigwa, hata vikawatisha kuku. Mama wa dukani akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, akalia upya. Mjomba akawasha redio kwa sauti ya mwisho. Ningependa kuishia hapa.

Walipokwisha kusalimiana nikaichukua simu, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikamsimulia mdogo wangu yote kama kichekesho. Nimejua kumchekesha tangu akiwa hajaota meno. Nikamwigizia mwalimu wa kwaya. Hakucheka.

"Nyie Krismasi yenu imekuwaje?" nilimuuliza.

"Krismasi ipi, sista? Tuko kwenye handaki. Tumekula biskuti. Kuna mmoja alianza kuimba, akaambiwa anyamaze." Akavuta pumzi. "Yule mpiga ndoo wa kwenye video hayupo tena."

"Pole, mdogo wangu."

"Ndege haziji. Barabara zote zina wenyewe. Hata hii simu nimeiazima kwa raia wa huku, sijui nitapata nyingine lini." Kisha akauliza: "Watu walikuwa wengi hapo?"

"Walijaa mpaka barabarani."

"Mama wa dukani alilia?"

"Kuliko wote."

"Msiwacheke, sista," alisema, sauti imetulia kabisa. "Hawajakosea. Wamewahi tu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia na mengine mengi ambayo siyakumbuki, na katikati yake simu ikakatika. Nikaipiga ile namba. Haikupatikana.

Nikanawa uso bombani, nikarudi mbele. Watu walikuwa wanacheza. Mama alikuwa amesimama, ana sahani ya wali, anakula, na akaniona.

"Amesemaje?"

"Amesema wamechinja mbuzi. Anawatakia Krismasi njema."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kitu, mama."

Akanitazama usoni. Safari hii nilikuwa naficha kweli. Akaiweka sahani chini taratibu, akamwambia mjomba azime redio.